Dola sita kwa mkia: serikali inanunua nini hasa?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 20 Novemba hadi mwisho wa Machi, watu wa pwani ya Louisiana nchini Marekani hupakia mitego na bunduki kwenye boti zao na kuingia vinamasini kumsaka nutria, mnyama anayeviharibu vinamasi hivyo. Akishauawa, hukatwa mkia. Mikia hupelekwa kwenye kituo cha kuhesabia, na kila mkia wenye urefu wa inchi 7 au zaidi hulipwa dola 6. Mradi huu wa serikali ulianza mwaka 2002 kwa malipo ya dola 4, ukapanda hadi dola 5 msimu wa 2006, na tangu 2019 ni dola 6. Katika msimu wa kwanza peke yake ililetwa mikia zaidi ya 300,000.

Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na mikia bado inaletwa. Ndiyo maana nauliza serikali inanunua nini. Ukiwauliza wenye mradi watakuambia wananunua uhai wa ardhioevu, nami naamini hilo ndilo lililo mioyoni mwao. Lakini kinachohesabiwa mezani ni mikia, na kinachohesabiwa mezani ndicho ambacho watu watajibidiisha kukileta.

Nutria ndiye ambaye Waingereza humwita koipu. Ni mgugunaji wa Amerika Kusini. Mfikirie ndezi aliyehamia majini: kilo 5 hadi 9, meno ya mbele ya rangi ya chungwa, utando kati ya vidole vya miguu ya nyuma, na chuchu zilizopanda juu ubavuni ili watoto wanyonye huku mama anaelea. Jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza miezi sita. Huibeba kwa siku 130 hivi, kwa kawaida huzaa watoto wanne au watano, na siku mbili baada ya kujifungua yuko tayari kupandwa tena. Aliyewahi kufuga sungura anajua hesabu ya namna hiyo inakofika.

Kwa siku moja nutria anaweza kula hadi robo ya uzito wake, ila wingi wa chakula si tatizo kubwa kama namna anavyokula. Ng'ombe hukata majani juu na kuacha shina lichipue. Nutria hufukua. Anachotaka ni mizizi na sehemu laini ya chini ya shina, na mmea akishaung'oa, sehemu kubwa huiacha ielee na kuoza. Sasa ardhi ya kinamasi cha pwani ni matope yaliyoshikamanishwa na mizizi, kama mkeka ulivyoshikamanishwa kwa ukili. Mizizi ikitoka, maji kujaa na kupwa huyachukua matope kidogo kidogo. Ardhi hushuka inchi kadhaa. Msimu unaofuata hata mbegu ikianguka haioti, kwa kuwa maji yamekuwa na kina kuliko inavyoweza kuvumilia. Mahali palipokuwa na matete, ndege na vifaranga vya samaki panageuka kuwa maji matupu, na kimbunga kikija hakikuti kitu cha kukipunguza nguvu kabla ya kufika kwenye nyumba za watu.

Louisiana imepoteza takribani kilomita za mraba 4,900 za ardhi ya pwani tangu 1932, karibu mara mbili ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Haki itendeke: nutria siye mkosaji mkuu. Matuta yaliyojengwa kuuzuia mto Mississippi usifurike yameinyima pwani udongo uliokuwa ukiijenga. Mifereji iliyochimbwa na makampuni ya mafuta imeingiza maji ya chumvi hadi ndani. Ardhi yenyewe inadidimia, na bahari inapanda. Nutria anakuta kidonda kilichokwisha kuwapo na kukichimbua kisipone. Ukimwondoa bila kugusa matuta na mifereji, utakuwa umefanya sehemu tu ya kazi. Hata hivyo, ni sehemu inayoweza kufanyika ndani ya maisha ya mtu mmoja, na ndiyo sababu nadhani inafaa kuchunguzwa jinsi inavyofanywa.

Alifikaje huko? Aliletwa, katika miaka ya 1930, kwa ajili ya manyoya. Kwa miaka mingi watu wa Louisiana walisimulia kwamba lawama zote ni za E. A. McIlhenny, tajiri wa familia inayotengeneza pilipili ya Tabasco, na kwamba kimbunga cha mwaka 1940 ndicho kilichovunja mazizi yake na kuwatorosha wanyama. Mwanahistoria wa kampuni hiyo alipozichambua nyaraka aligundua mambo mawili: McIlhenny hakuwa wa kwanza kufuga nutria jimboni, na baadhi ya wanyama wake aliwaachia mwenyewe kwa kukusudia. Hadithi ya kimbunga ni tamu kwa sababu haina mtu wa kulaumiwa. Nyaraka zinaonyesha watu waliofungua milango kwa mikono yao.

Na serikali haikuwa mtazamaji. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 nutria alisifiwa kuwa dawa ya gugu maji, lile lile linaloziba bandari na mialo ya Ziwa Victoria, akahamishwa huku na huku ili alile. Gugu maji halikwisha. Nutria ndiye aliyeenea. Kufikia 1958 wakulima wa mpunga na miwa walikuwa wakilia, na bunge la jimbo likapitisha malipo ya senti 25 kwa kila nutria atakayeuawa katika wilaya 16 za kusini. Fedha za kulipia sheria hiyo hazikutengwa hata siku moja. Miaka saba baadaye, 1965, bei ya manyoya ilikuwa imepanda, na nutria akarudishwa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa. Ndani ya miaka 15 serikali moja ilimwita mnyama huyo huyo daktari, kisha adui, kisha mali.

Wakati wa manyoya ulikuwa mnono. Msimu wa 1976 hadi 1977 Louisiana iliuza ngozi milioni 1.8 za nutria. Uharibifu wa vinamasi ulikuwapo, lakini uwindaji uliushika breki. Kisha katika miaka ya 1980 soko likaporomoka. Wanunuzi wa Ulaya wakapungua, fasheni ikabadilika, bei ikashuka hadi haitoshi mafuta ya boti. Wawindaji wakaacha, nutria wakaongezeka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ndege za uchunguzi zikaona sehemu za pwani zilizoliwa hadi zikawa uwanda wa matope.

Hapa ndipo mradi wa mikia ulipozaliwa, na hapa ndipo naona asili ya udhaifu wake. Serikali iliona mnunuzi ameondoka, ikaamua kuwa mnunuzi. Ilichukua mfumo ule ule wa biashara ya manyoya, wawindaji wale wale, msimu ule ule wa baridi, ikabadilisha kitu kimoja tu: badala ya ngozi ikanunua mkia. Lakini mfumo wa biashara ya manyoya haukubuniwa kummaliza nutria. Ulibuniwa kumvuna. Mvunaji mwenye akili hang'oi shamba lote, huacha mbegu.

Kuhusu malipo ya mikia dunia ina kumbukumbu chungu. Mwaka 1902, mjini Hanoi, utawala wa kikoloni wa Ufaransa ulikuwa umejenga mifereji ya maji machafu ya kisasa chini ya mitaa ya Wazungu. Panya wakaipenda mifereji hiyo, na kwa kuogopa tauni utawala ukatangaza kulipa senti moja kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaletwa kwa wingi. Baada ya muda wakaonekana panya wazima wakikimbia mjini bila mikia: walikuwa wamekatwa na kuachiwa wakazaane. Pembezoni mwa mji wakaguzi wakakuta watu wanafuga panya. Malipo yakafutwa. Mimi siwaoni watu wa Hanoi kuwa wezi. Mtawala asiyewapenda aliweka bei juu ya kitu, nao wakazalisha kitu chenye bei, kama mkulima yeyote angefanya.

Louisiana imejilinda vizuri zaidi dhidi ya ujanja wa aina hiyo. Mwindaji hujiandikisha, huleta kibali cha mwenye ardhi na kuonyesha kwenye ramani alikowinda, na mikia ikishahesabiwa huharibiwa. Tena mradi umezaa matunda, na kulikana hilo kungekuwa uongo. Ulipoanza, eneo lililoonekana kuharibiwa na nutria lilikadiriwa kuwa zaidi ya ekari 80,000. Kuna miaka ya baadaye ambapo lilishuka chini ya 10,000. Hizo ni ekari za kweli, zenye ndege na kaa wa kweli.

Shida ni mahali mfumo unapokwama. Mwindaji analipwa kwa mkia, kwa hiyo anakwenda penye mikia mingi. Kinamasi kikiwa na nutria 100, siku moja ya kazi inalipa. Wakibaki watano, mafuta ya boti yanakula malipo yote, na mwindaji mwenye familia anahamia kinamasi kingine. Wale watano wanabaki na majani yote peke yao. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Ni kweli, lakini asali haizai. Ukichovya mahali panapozaa, na ukaacha kuchovya pale panapopungua, utachovya mpaka wajukuu wako nao wachovye. Kupandisha malipo kutoka dola 4 hadi 5 hadi 6 kunasogeza mbele mahali pa kukwama, hakupaondoi.

Uingereza ilipita njia hiyo na kurudi. Koipu aliingia huko 1929, vilevile kwa ajili ya manyoya, akatoroka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 inakadiriwa walikuwa 200,000 mashariki mwa nchi, wengi katika mabwawa na mito ya Norfolk. Walifyeka matete, wakala viazi sukari mashambani, wakatoboa kingo za mito. Kampeni ya kwanza, ya 1962 hadi 1965, ilisaidiwa na majira ya baridi ya kutisha ya 1962 na 1963 yaliyoua wengi mno. Koipu wakawa wachache. Kampeni ikalegezwa. Wakaja miaka ya baridi ya wastani, wakarudi. Somo likawa wazi kwamba kupunguza bila kumaliza ni kukodi nafuu, na kodi hulipwa kila mwaka.

Ndipo watafiti, wakiwemo L. M. Gosling na Simon Baker, wakakaa chini na kufanya kitu ambacho serikali nyingi hukiruka: walimchunguza mnyama kwanza. Anazaa kwa kasi gani, anakufa kwa baridi kiasi gani, mtegaji mmoja anaweza kukamata wangapi wakiwa wengi na wangapi wakiwa wachache. Hesabu ikawapa jibu kwamba wategaji 24 wa kudumu, wakipewa muda usiozidi miaka 10, wangeweza kuimaliza kazi. Kazi ikaanza 1981.

Kulikuwa na kikwazo kimoja cha kibinadamu, na namna walivyokiondoa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mtegaji anayelipwa mshahara kuua koipu ana sababu ya kutamani koipu wasiishe, kwani wakiisha naye kazi imeisha. Ana watoto shuleni, ana nyumba ya kulipia. Kumwomba afanye kazi kwa bidii ili afukuzwe kazi mapema ni kumwomba utakatifu. Kwa hiyo waliahidiwa bonasi ya kumaliza, hadi mara tatu ya mshahara wa mwaka mzima, nayo ingepungua kadiri kazi inavyochelewa. Ghafla mtegaji akawa na hamu ya kumwona koipu wa mwisho kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Kila mmoja akawa anamwangalia mwenzake asije akaacha kona bila kuikagua.

Januari 1989 ikatangazwa kwamba koipu wameisha Uingereza. Walikuwa wameuawa 34,822. Gharama ilikuwa kama pauni milioni 2.5. Tazama hesabu hiyo upya ukiwa na huruma kwa mnyama, kwa sababu nutria naye ana damu na maumivu, na hakuomba kuvushwa bahari. Waliuawa 34,822, kisha kuua kukakoma. Louisiana inaweza kuua idadi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa katika msimu mmoja, na ukijumlisha misimu yote ni mamilioni, na msimu ujao mitego itatoka tena. Anayesema kumaliza ni ukatili kuliko kudhibiti hajazijumlisha hizo hesabu mbili.

Mfano wa pili uko Marekani kwenyewe, kwenye rasi ya Delmarva upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake. Huko mwaka 1943 serikali ya shirikisho ndiyo iliyomleta nutria, katika hifadhi ya Blackwater jimboni Maryland, kwa utafiti wa manyoya. Miaka ilivyopita Blackwater ikapoteza maelfu ya ekari za kinamasi, kwa meno ya nutria na kwa bahari inayopanda. Mwaka 2002 timu ya wategaji wa kuajiriwa ilianza kazi, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu ya kutokomeza na kudhibiti nutria.

Waliigawa ramani katika viwanja vidogo vya kama ekari 40, wakatega kiwanja baada ya kiwanja, na hawakuondoka mpaka kiwanja kimetakata. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya watu binafsi, hivyo walibisha hodi kwa mamia ya wamiliki kuomba ruhusa. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu isiyoandikwa katika ripoti: mnyama mmoja aliyebaki kwenye shamba la mtu mmoja aliyekataa kufungua geti angeweza kufuta jasho la miaka kumi. Jumla waliondoa nutria wapatao 14,000.

Kisha ukaja wakati wa wachache. Katika mfumo wa mikia hapo ndipo watu huondoka. Hapa ndipo walipoongeza nguvu. Walifundisha mbwa kunusa kinyesi cha nutria na kukipuuza cha wanyama wengine. Waliweka majukwaa madogo yanayoelea, yenye vinaso vya kunasa nywele zake, kwa kuwa nutria hupenda kupanda kwenye kitu kikavu kujikausha. Na walichukua nutria wachache, wakawahasi, wakawavisha visambaza redio, wakawaachia. Nutria hapendi upweke. Aliyeachiwa alitafuta wenziwe, na wategaji wakamfuata. Watu wa kazi hiyo walimwita Yuda.

Nutria wa mwisho kukamatwa huko alinaswa Mei 2015. Ushindi ulitangazwa Septemba 2022. Msomaji, simama kwenye hiyo miaka saba. Kwa miaka saba watu waliamka asubuhi, wakaingia matopeni na mbwa, wakakagua kingo na majukwaa, wakarudi jioni mikono mitupu, na mwisho wa mwezi wakalipwa. Kwa hesabu ya mikia walikuwa wamezalisha sifuri. Kwa hesabu ya ardhioevu ile ndiyo miaka iliyothibitisha kwamba fedha za mwanzo hazikutupwa.

Kuna jibu ambalo mtu wa Louisiana atanipa, na ni jibu zito. Delmarva ni rasi, ina maji pande tatu. Uingereza ni kisiwa chenye baridi kali. Pwani ya Louisiana ni mamilioni ya ekari za matope, imeungana na Texas, haina majira ya baridi ya kuua, na huwezi kuigawa viwanja vya ekari 40 ukaimaliza. Nakubali. Pengine pale kudhibiti ndiyo njia pekee iliyobaki, na aliyefika amechelewa hachagui. Lakini basi isemwe hivyo: haya ni matengenezo ya kudumu kama ya barabara, yatagharimu kila mwaka, na siku fedha zikikatwa tutarudi tulikotoka. Uholanzi ilisema hivyo kwa miaka mingi kuhusu maskrati, mgugunaji mwingine mgeni anayetoboa matuta yanayozuia maji yasiwazamishe watu. Mamlaka zao za maji ziliajiri mamia ya wategaji wa kudumu. Mwaka 2004 walikamata zaidi ya 400,000. Leo ni chini ya 100,000 kwa mwaka, na sasa wameamua kumsukuma mnyama huyo hadi nje ya mpaka. Waliwezaje kufika pa kuthubutu kusema hivyo? Waliendelea kuwalipa wategaji hata samaki walipopungua kwenye nyavu, kama ningeweza kusema hivyo kwa lugha ya mvuvi.

California nayo iliamini imemmaliza nutria katika miaka ya 1970. Machi 2017 akanaswa mmoja katika wilaya ya Merced. Jimbo hilo halikungoja. Liliunda timu ya kutokomeza kabla mnyama hajaenea kwenye delta inayowapa maji mamilioni ya watu. Wamewaondoa maelfu, na kazi inaendelea.

Kila baada ya muda hujitokeza wazo la kumla. Louisiana iliwaleta wapishi maarufu miaka ya 1990 kuwashawishi watu kwamba nyama ya nutria ni laini na haina mafuta mengi, na Februari 2025 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ikarudi na kaulimbiu ya okoa kinamasi, kaanga nutria. Sina neno na anayekula. Ndezi wetu huliwa na hana ubaya. Ninachoogopa ni siku ambayo wazo hilo litafanikiwa. Siku nutria atakapokuwa na wachinjaji, wasafirishaji na mikopo ya benki, nani atakayekubali aishe? Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alikuwa mgeni kama nutria. Alipokuwa na viwanda vya minofu na ndege za mizigo hakuna serikali ya Tanzania, Kenya wala Uganda ambayo ingethubutu hata kulitamka neno kutokomeza, na sasa kilio kikubwa ni kwamba amepungua.

Na tusidhani nutria ni hadithi ya mbali. Alikuja Kenya. Aliletwa karibu mwaka 1950 kufugwa kwa ajili ya manyoya kwenye nyanda za Kinangop, akatoroka, na kufikia miaka ya 1960 alikuwa ameteremka hadi Ziwa Naivasha. Mayungiyungi yaliyokuwa yamefunika ghuba za ziwa hilo yalipungua sana katika miaka ya 1970, naye akatajwa kuwa mmoja wa waliohusika. Mwingine aliyetajwa ni kamba mwekundu wa maji baridi aliyepandikizwa ziwani mwaka 1970 kwa biashara. Asili ya kamba huyo ni Louisiana. Yaani Louisiana ilikuwa inaliwa na mgugunaji wa Amerika Kusini, na Naivasha ikawa inaliwa na mgugunaji huyo pamoja na kamba wa Louisiana, na wote watatu, ukimhesabu mwanadamu aliyewasafirisha, walikuwa wakifuata fedha. Baadaye koipu akawa adimu Naivasha. Kamba yupo. Ziwa lilitambuliwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1995, likiwa tayari limebeba wageni hao na gugu maji juu yake.

Kwa watu wa pwani yetu mfano ulio karibu zaidi ana mbawa. Kunguru wa Bara Hindi, kurabu kama wasemavyo Mombasa, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe taka mjini. Anayefuga kuku anajua alichogeuka kuwa, na ndege wadogo wa mashambani wangekuwa na midomo ya kusema wangetuambia zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zanzibar ilipambana naye kwa msaada wa wafadhili. Makumi ya maelfu waliuawa, na kwa muda kisiwa kikapumua. Ufadhili ukaisha kabla ya kunguru kuisha. Wakarudi. Uingereza ya 1965 ilikuwa imetufundisha bila malipo, nasi tukalipa ada upya.

Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1 pwani kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa sumu iliyoidhinishwa. Wenye hoteli walifurahi, na mimi sikuwalaumu. Lakini nilisimama kwenye ile milioni 1. Ni hesabu ya mikia. Inasema watakaokufa, haisemi watakaobaki, na kunguru hajali waliokufa ni wangapi. Anahitaji waliobaki wawe dume na jike. Ningependa kusikia hesabu nyingine: pwani ina kunguru wangapi, kata kwa kata, kutoka Lunga Lunga hadi Lamu. Ng'ambo ya mpaka, Tanga na Dar es Salaam, watafanya nini katika msimu huo huo, maana kunguru havuki mpaka kwa pasipoti. Majaa ya taka yanayomlisha yatafungwa lini, kwa kuwa hilo ndilo tuta na mfereji wetu. Na mtaalamu aliyepewa kazi hii analipwa vipi: kwa mzoga, kwa mwezi, au kwa siku ya kumaliza?

Tuseme yote hayo yamepatikana. Tuseme miaka minane imepita, na sasa kunguru wa mwisho ameonekana Malindi miezi kumi iliyopita, na kijana mwenye darubini analetwa mbele ya kamati ya bajeti. Wanamwuliza mwaka huu umeua wangapi. Anajibu hakuna. Wanamwuliza mwaka ujao unatarajia kuua wangapi. Anajibu, Inshallah, hakuna. Kisha anaomba mshahara wa watu 12 na mafuta ya pikipiki kwa miaka sita mingine. Nani kwenye meza ile atatia saini?